Mwambie Mtoto Hafi

Shanwe, Mpanda
28 Januari 2024

Shemeji Ponsian,

Pokea salamu zangu, na wape watoto. Huku tunaamka salama, cherehani tu ndiyo inayogoma. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako uliizamisha kwenye majaruba ya mpunga, na simu ya jirani yako Gaspar siitaki tena. Mara ya mwisho nilipopiga aliiweka spika, nikasikia wanawake wa bombani wananiitikia salamu kabla yako. Ninayotaka kusema si ya kusikilizwa na watu wa bombani.

Tangu tumzike dada mwezi wa kumi, sijalala usingizi wa kueleweka. Nikifumba macho nawaona wanao. Juzi mama mmoja anayeleta mchele hapa mjini kutoka Majimoto aliniambia Faith ameungua mguu kwa uji wa moto. Nilikuwa bado sijameza hilo, akaongeza kwamba Mariana haonekani shuleni siku nyingine. Mtoto wa darasa la saba, mwaka wa mtihani. Nilimuuliza anaumwa? Akasema hajui, ila amekonda na hacheki na wenzake.

Shemeji, sikulaumu. Najua shamba halisubiri mtu amalize kulia. Lakini mwanamume peke yake na watoto wawili wa kike, mmoja miaka mitano na mwingine kumi na mitatu, naogopa. Nyumba yangu ni ndogo lakini wanaenea. Nipe Mariana na Faith nikae nao hapa Shanwe, wewe uje kuwaona.

Kama hutaki, basi fanya hivi. Nasikia kwenye ukumbi wa parokia yenu kuna Darasa la Familia kila Jumamosi, mradi umeleta mwalimu anaitwa Jeniffer. Wanafundisha wazazi na watoto wao mambo ya nyumbani, kupika, afya, kuzungumza na vijana. Nenda ukakae pale. Ukishindwa, Pasaka nakuja kuwachukua, na sitabishana na mtu.

Ni mimi shemeji yako mwenye wasiwasi,
Josefina


Majimoto
12 Februari 2024

Shemeji Josefina,

Barua yako kondakta wa basi alinikabidhi mkononi. Nimeisoma nikairudia. Sisi tunaendelea, mpunga umeshika vizuri, mvua ni nyingi kupita kiasi.

Ni kweli Faith aliungua. Nilikuwa nimeipua uji nikauweka chini, nikageuka kutafuta kijiko, yeye akapita. Nilimpaka dawa ya meno kama tulivyopakwa sisi tukiwa wadogo. Alilia mpaka majirani wakaja. Sasa muuguzi wa zahanati anamfunga kila baada ya siku kadhaa na kidonda kinakauka.

Kuhusu darasa, nilienda. Usifikiri nilienda kwa furaha. Njiani Gaspar aliniuliza naelekea wapi nimevaa shati la misa siku ya Jumamosi, nikamwambia, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema Ponsian anakwenda kusomea uanamke. Ukumbini nilikuta akina mama watupu na vijana wao. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Huyu Jeniffer ni binti tu, lakini hana haraka. Siku hiyo alifundisha mtu akiungua afanyiwe nini. Aliuliza kila mmoja hufanya nini kwao. Mmoja alisema majivu, mwingine yai, mimi nikasema dawa ya meno. Hakutucheka. Alituonyesha kumwagia maji safi ya baridi kwa muda mrefu, na kutopaka kitu. Nilirudi nyumbani nikauangalia mguu wa Faith nikaumia roho.

Jumamosi hii tulipika uji wa lishe. Mimi ndiye niliyepewa mwiko. Akina mama walisema haukuungua, ni kweli haukuungua.

Mariana anaenda shule. Siku mbili tatu alibaki nyumbani kwa sababu ya tumbo, nadhani ni maembe mabichi. Usiwe na hofu juu yake. Darasani nimemwita twende wote, hataki, nikamwacha.

Watoto wangu watakaa na mimi, shemeji. Mama yao aliniachia mimi.

Shemeji yako,
Ponsian


Majimoto
17 Februari 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi Mariana sijambo kidogo. Naandika baba akiwa ukumbini. Nitaipeleka barua stendi mwenyewe. Naomba usimwambie baba, na usipige kwa Baba Gaspar.

Mama Mdogo, nina ugonjwa wa mama.

Mwezi wa kwanza damu ilitoka. Nilisali novena siku tisa ikakoma, nikafikiri nimepona. Sasa imerudi, na tumbo linauma chini, pale pale mama alipokuwa anashika. Mimi ndiye nilikuwa nafua vitambaa vya mama. Aliniambia nimwage maji nyuma ya choo ili wageni wasione. Nilikuwa na kidonda kwenye kidole, nadhani ndipo ugonjwa ulipoingia. Watu wazima mlisema mama anaumwa tumbo tu, lakini mimi niliona.

Simshiki Faith tena. Nakula kwenye sahani yangu, naiosha peke yake. Nimehamia kulala kwenye mkeka. Faith analia anasema simpendi, na baba amenikasirikia kwa hilo. Siwezi kuwaambia. Baba akijua atauza mpunga kabla haujakomaa anipeleke hospitali kama alivyofanya kwa mama, halafu nitakufa vilevile na wao watakosa chakula.

Naomba nikifa uje umchukue Faith. Anapenda kulala na taa, lakini umzoeshe giza kidogo kidogo. Baba anajua kupika uji sasa, mboga bado. Anaweka chumvi mwanzoni.

Niombee.
Mimi mtoto wako,
Mariana


Majimoto
18 Februari 2024

Shemeji,

Nakuandikia haraka, mfanyabiashara wa mchele anaondoka asubuhi na gari lake, ataichukua barua.

Nilikuficha. Mariana hayuko sawa tangu mwezi uliopita. Haendi shule siku kadhaa, halafu anakwenda, halafu anaacha tena. Hali chakula na sisi. Mdogo wake akimkimbilia anamsukuma. Amejitenga analala kwenye mkeka kona ya pili. Asubuhi na mapema anatoka na ndoo, anarudi nguo zake zimelowa, na nikiuliza anasema alikuwa anafua. Anafua nini kila siku?

Jana kwenye darasa mwalimu alileta vitambaa na sindano, akasema leo tutashona vitambaa vya hedhi, wazazi na watoto, wanaume na wanawake. Shemeji, nakuheshimu, hata neno hili nimelifuta kabla ya kuliandika tena. Niliinuka. Nilijifanya naenda kujisaidia, nikasimama nje chini ya dirisha. Nikamsikia anasema damu hiyo si ugonjwa wala uchafu, halafu nikaona aibu hata ya kusikiliza, nikaondoka.

Kwa kuwa niliondoka mapema, nikamkuta Mariana anashuka kwenye pikipiki ya kijana mmoja wa stendi. Aliponiona alishtuka kama mwizi. Nilimuuliza alikuwa wapi, akainama kufunga kiatu. Nilimuuliza huyo kijana ni nani kwake, akasema si mtu. Nilipandisha sauti. Sikumpiga, Mungu ananiona, ila nilimwambia maneno ambayo mama yake asingeyapenda. Alilia bila sauti. Tangu hapo hajanitazama.

Unajua ninachofikiria. Sitaki kukiandika. Sijui namna ya kumuuliza mtoto wa kike jambo kama hilo. Nishauri.

Ponsian


Shanwe
21 Februari 2024

Shemeji Ponsian,

Barua yako imenikuta nakata kitambaa cha mteja, nimekikata vibaya.

Uliniambia maembe. Mimi nilijua si maembe. Mtoto anakonda, anajificha, anafua alfajiri, anashuka kwenye pikipiki za vijana wa stendi, na wewe unaniandikia uji haukuungua.

Usimuulize tena, utamfanya akimbie. Jumatatu asubuhi mchukue umpeleke zahanati, wampime kama ana mimba. Usimwambie sababu mpaka mfike. Na yule kijana umtafute jina lake. Kama ni kweli, sheria ipo, na mimi nitakuja na nauli ya kukopa nisimame mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Naogopa shemeji. Dada alinishika mkono pale hospitali akasema Mariana, Mariana, hakumaliza. Nimekuwa nalimalizia hilo neno kila siku kwa namna mpya, na kila namna ni mbaya.

Wakishampima, kwa vyovyote vile, mlete kwangu.

Josefina


Shanwe
27 Februari 2024

Ponsian, shemeji yangu,

Namuomba Mungu barua hii ikukute hujafanya nilichokuagiza. Kama hujampeleka, usimpeleke.

Leo ndiyo nimepata barua ya Mariana. Aliiandika siku ile ile uliyomkuta anashuka kwenye pikipiki. Alikuwa anatoka stendi kuipeleka kwa kondakta, hakuna kijana wala nini. Basi lilinasa kwenye tope likakaa porini, mizigo ikaloa, kondakta amenitafuta leo kwa barua iliyokauka kama karatasi ya sambusa. Yako ilipanda gari lingine ikaipita njiani. Nami nikakujibu wewe kabla ya kumsikia yeye.

Ponsian, mtoto amevunja ungo. Ni hilo tu. Amepata siku zake, hakuna aliyemwambia kitu, naye aliona damu ya mama yake kwa macho yake, akafua vitambaa vyake kwa mikono yake. Anaamini ameambukizwa. Anaamini anakufa. Hamsukumi Faith kwa chuki, anamkinga. Ameniusia namna ya kumlaza.

Nimepiga kwa Gaspar kutwa nzima, spika au si spika, simu haipatikani. Nimekimbia stendi, wanasema maji yamepita juu ya daraja na magari yamesimama. Nimempata mnunuzi wa ng'ombe anayezunguka na pikipiki kwa njia ya juu, nimembembeleza aichukue hii.

Ukimaliza kusoma usikae. Nenda kamwambie mtoto hafi. Achana na aibu, mimi pia naiacha hapa ninapokuandikia. Huna mwanamke ndani wa kumtuma. Mwambie wewe.

Josefina


Majimoto
3 Machi 2024

Shemeji Josefina,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba imefika jana. Ile ya kwanza ilikuwa imeshatangulia. Tulia kwanza, mtoto yuko hapa, anachambua mchele, ndipo nikueleze.

Jumapili ile jioni nilimwambia Mariana kesho tutakwenda zahanati. Kama ulivyoagiza, sikumwambia kwa nini. Akainuka akaosha sahani yake. Asubuhi nikakuta mkeka mtupu.

Nilimwacha Faith kwa mke wa Gaspar nikaenda shule, hayupo. Nikaenda stendi nikamkamata shati yule kijana wa pikipiki, naye akaapa kwamba alimbeba mara moja tu, na kwamba alikuwa na barua mkononi. Sikumwamini. Nikaenda kwenye majaruba, nikaita jina lake kando ya mifereji iliyojaa. Shemeji, unajua mifereji yetu mwaka huu. Kila nilipoona kitu cheupe kwenye maji niliingia kukishika, kwa kuwa alikuwa ameondoka na sare ya shule.

Ni Gaspar aliyekuja mbio akaniambia kuna mwanamke amemwona anaelekea kwenye ile chemchemi ya maji ya moto ambako watu huoga wapone. Tulikwenda wote. Nilipoona mvuke nilimwomba Gaspar abaki nyuma.

Alikuwa amekaa kwenye mawe pale maji ya moto yanapoteremka na kuanza kupoa, amelowa mpaka kiunoni. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa nimepanga kukemea, lakini nilipomwona anatetemeka ndani ya maji yenye joto, kukemea kukaniishia.

Nikamwambia twende nyumbani.

Akasema, "Baba, usinipeleke zahanati. Mama alienda zahanati Jumatatu, wakampeleka hospitali, hakurudi anatembea."

"Wewe si mgonjwa kama mama."

"Nina ugonjwa wake. Wa damu. Nimekuja kuoga upone."

Hapo ndipo nilipoelewa, shemeji. Mkeka, sahani, ndoo, yote yalijipanga mbele yangu. Na nilichokuwa nacho cha kumpa ni sentensi moja niliyoiokota chini ya dirisha la ukumbi kabla sijakimbia. Nikamwambia hiyo damu si ugonjwa wala uchafu. Nikamwambia, "Mwanangu, hufi. Umekua. Wanawake wote wanapata, kila mwezi. Mama Mdogo anapata. Mama yako alipata."

Nilifikiri nimemaliza. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pikipiki.

"Mama naye alisema hivyo hivyo," akasema. "Nilipomuuliza alisema ni ya kawaida tu."

Ningeapa asingeniamini, na alikuwa na haki. Nikavua koti nikamfunika, tukatembea moja kwa moja hadi parokiani, alikopanga Mwalimu Jeniffer. Gaspar alitufuata kwa nyuma bila kuuliza.

Mwalimu alimpa kanga kavu na chai. Nilitaka kutoka nje akasema, "Baba Mariana, kaa. Hili ni la kwenu wote wawili." Nikakaa. Akaeleza polepole. Kwamba msichana anayekua hupata damu ya mwezi, inakuja inakwenda, mwanzoni inaweza kuruka ruka, na tumbo kuuma kidogo ni kawaida. Kwamba haiambukizi, wala kufua kitambaa hakukumpa kitu. Halafu akaeleza ya mama yake. Kwamba ile ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na damu yake haifuati mwezi, inatoka bila mpango, hata baada ya mama kulala na mumewe. Nilitazama chini, lakini sikutoka. Nilikumbuka. Mke wangu aliniambia ni mambo ya kike, nami nikafurahi kuachiwa nisijue.

Mariana akauliza, "Kwa hiyo mama angepona?"

Mwalimu alimwongezea chai. Akasema kama angepimwa mapema, kabla hajaona dalili, huenda wangeukuta ugonjwa ukiwa bado alama ndogo tu, na alama ndogo inatibika. Alichelewa, na hakuna aliyemwambia.

Tulilia, shemeji. Mimi na mwanangu kwenye kiti kimoja cha mwalimu. Hatukuwa tumelia pamoja siku ya mazishi.

Jana tulikwenda darasani wote watatu. Nilirudia somo nililolikimbia. Nimeshona vitambaa vitatu, viwili vimepinda, Mariana amevikubali. Gaspar alichungulia mlangoni nikajua anakuja kucheka. Akaingia akakaa. Ana mabinti watatu, na nadhani njia nzima ile ya parokiani alikuwa anawahesabu.

Mariana amerudi kulala na Faith.

Kuhusu kuwachukua, bado jibu langu ni lile. Ila sasa ningependa na wewe uniambie unavyoona.

Ponsian


Majimoto
16 Machi 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima, siku hizi ni mzima kweli. Barua yako ya pole nimeipata na ile sketi pia, inanitosha. Shule naenda. Samahani kwa maneno niliyokuandikia yakakutisha.

Leo darasani tulifundishwa kutengeneza sabuni ya maji. Baba alimwagikiwa kwenye viatu, sasa vinateleza. Baada ya hapo Mwalimu Jeniffer alituambia wasichana kuna chanjo ya kuzuia ugonjwa ule wa mama, na akina mama wao wanapimwa, hata kama hawaumwi. Alisema kupimwa ni muda mfupi tu, na hospitali ya mjini wanapima.

Nilimuuliza kama mtu na dada yake wanaweza kuupata wote. Akasema mwanamke yeyote anaweza, kwa hiyo kila mmoja apime.

Mama Mdogo, wewe umeshapima?

Usiniambie kwamba ni ya kawaida.

Mariana


Shanwe
21 Machi 2024

Shemeji Ponsian,

Mwanao ameniuliza swali na mimi nimeshindwa kumjibu yeye, nakujibu wewe.

Sijapima. Tangu dada afe nimekwenda hospitali mara mbili. Mara ya kwanza nilifika getini nikajifanya nimesahau kitu nikarudi. Mara ya pili nilikaa kwenye benchi mpaka nikaona wanaita watu wa kliniki ya kipimo hicho, nikainuka nikaenda kununua nyanya. Sina maumivu yoyote. Ni hofu tu. Nimebakiza miaka minne kufikia umri wa dada, na nikiona hata doa la kawaida nahesabu.

Uliniuliza ninavyoona. Naona hivi. Nilikuagiza kutoka mbali ufanye jambo lililokaribia kutupotezea mtoto, kwa sababu nilikuwa na uhakika, na uhakika wenyewe ulikuwa woga wangu. Watoto wakae na baba yao. Aliyekaa kwenye kile kiti cha mwalimu ni wewe.

Ila nakuomba kitu kimoja. Shule zikifungwa kwa Pasaka, nikopeshe Mariana siku chache. Sitaki kumfanya mtumishi wala kumshikilia. Nataka anisindikize hospitali. Najua ni mzigo kwa mtoto, nimelifikiria sana. Lakini yeye ndiye peke yake ambaye sitaweza kumdanganya kwamba nilienda.

Kama unaona si vizuri, niambie tu, sitanuna.

Josefina


Shanwe
5 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nilifika salama, barabara imekauka, na kwenye hifadhi tuliona twiga kando kabisa ya basi. Mwambie Faith.

Naanza na habari yenyewe maana najua umekaa unasubiri. Jana Mama Mdogo amepimwa. Waliona alama ndogo. Daktari alisema bado si saratani, ila ingeachwa miaka ingeweza kuwa. Wakaitibu hapo hapo, siku hiyo hiyo, kwa kifaa cha joto. Hakulazwa. Ametembea mwenyewe mpaka nyumbani, ila njiani tulipumzika mara kwa mara. Ameambiwa asibebe vitu vizito, na baada ya mwaka arudi waangalie tena. Leo asubuhi amekula wali na maharage akasema nimeweka chumvi kidogo.

Mama Mdogo aliponiambia kuhusu alama nilirudi mlangoni kwa daktari. Nikamuuliza daktari mwenyewe, sikumuuliza Mama Mdogo. Nilimuuliza ni alama ndogo kweli au mnasema tu. Akachora kwenye karatasi akanionyesha. Ni ndogo.

Baba, nataka nikuambie na ya kabla ya hapo. Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Kulikuwa na akina mama wengi, wengine wanaongea mambo ya soko. Mama Mdogo alikuwa ameshika pochi yake kama mtu anayetaka kushuka kwenye basi. Mara mbili aliniambia twende tukanywe soda kwanza, nikasema soda baadaye. Halafu akaniuliza kama ninaogopa. Nilitaka kusema hapana ili nimtie moyo. Nikasema ndiyo, naogopa sana.

Akasema, "Hata mimi."

Mwanamke mmoja wa pembeni akageuka akasema, "Na mimi." Tukacheka kidogo. Tukakaa hivyo hivyo tunaogopa, mpaka walipoita jina la Mama Mdogo, akanipa pochi, akainuka akaingia.

Nakuja Jumatatu na basi la asubuhi. Mama Mdogo amenishonea nguo za Faith na shati lako, kwa hiyo nina mzigo. Uje stendi.

Mwanao,
Mariana